Kapteni Karambu Mworia, Mtahini Aliyekataa Kupitisha Uzembe

Marehemu Kapteni Karambu Mworia alizaliwa tarehe 9 Juni 1963 hapa Kiwanjani, Isiolo, kifungua mimba wa Mzee Mworia, mfanyabiashara wa miraa, na Mama Kiende. Alisoma msingi papa hapa mjini, na sekondari Meru. Aliposema anataka urubani, jamaa walimcheka. Alisomea Nairobi, akawa mkufunzi, kisha mtahini wa marubani wa ndege ndogo za binafsi.

Mwaka 1992 aliolewa na Mwalimu Lowoi Ekuam wa Kulamawe. Kabla ya harusi alipaa naye kwa ndege, akapunguza mwendo na kuinua pua ya ndege mpaka mabawa yakashindwa kuibeba, ikaporomoka. Akashusha pua, mwendo ukarudi, ndege ikatulia. Walipotua, Lowoi alisema sasa amejua anaoa nani.

Hilo, kuiokoa ndege inayoporomoka, ndilo alilotaka kila mwanafunzi aliweze, na asiyeliweza hakumpitisha. Mwaka 2016 alimtahini mpwa wa mkurugenzi wa shule moja ya urubani. Juu ya tambarare za Biliqo ndege ilianza kuporomoka, na bwana huyo, badala ya kushusha pua, akazidi kuvuta usukani. Bawa moja likalala, ndege ikaanza kuzunguka. Karambu akamnyang'anya usukani.

Walipotua, mkurugenzi alimsihi ampitishe tu, eti zoezi hilo halina kazi, hakuna abiria anayepanda ndege ili aanguke. Karambu alimtazama kama matope kwenye kiatu.

"Ardhi haiulizi wewe ni mpwa wa nani," akasema.

Wakubwa wa shule wakamwondoa kwenye mitihani yao. Wakatafuta mtahini wa kutahini huku akinywa chai, na mpwa akapata leseni. Mwaka uliofuata alimpakia ndegeni rafiki yake, Abdinajib. Akikata kona polepole apate kutua, ndege ikaporomoka. Yeye alivunjika mguu, Abdinajib alizikwa.

Nyumbani kwa wafiwa, mkurugenzi alisema hayo ni mapenzi ya Mungu. Karambu akasimama.

"Mungu hakumpa leseni. Ulimpa wewe."

Akatoka. Bisharo, mama wa Abdinajib, alimfuata nje, akamshika mkono.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Meru na Nairobi, akaaga dunia tarehe 14 Februari 2025, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Mwalimu Lowoi. Watoto, Nakal na Mbaabu. Na ndugu yake, Mawira, anayewasomea haya. Shule ile iliomba nafasi ya kumsifu leo. Familia imeinyima.

Pumzika, Kapteni. Mungu akupokee kwa amani.