Mwalimu Bupe na Mlango wa Inchi Thelathini na Sita

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu, jamaa na majirani wa Kiwalani mliokaa nasi msibani tangu Jumanne, naitwa Stanley Mwaipaja, mdogo wa marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Ninasimama hapa badala ya mwanawe Daniel kwa sababu marehemu alipanga hivyo mwenyewe, mwezi wa Januari alimwita Daniel akamwambia historia yangu ataisoma mjomba wako, na mimi akanipigia simu akaniambia nisome yote, nisiruke mwaka 2018. Karatasi hii tumeiandika juzi pamoja na watoto wake na ukoo umeipitia, ila huo mwaka 2018 nimeuandika peke yangu jana mchana, hakuna aliyeuona, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Marehemu Mwalimu Bupe Erasmus Mwaipaja alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 katika kijiji jirani na Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa mzee Erasmus Mwaipaja, mkulima wa chai na ndizi, na mama yetu Tusajigwe, ambao wote wametangulia mbele za haki. Jina Bupe kwetu maana yake ni zawadi, lakini sisi wadogo zake tulimjua zaidi kwa amri, maana alitupanga mstari kabla ya kula na kutukagua kucha, mwenye kucha chafu alirudishwa mtoni, na akirudi akikuta ndizi zimekwisha, hiyo ilikuwa shauri yake.

Alisoma elimu ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari mjini Mbeya mwaka 1976 hadi 1979, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1980 na kutunukiwa cheti daraja A Desemba 1981. Januari 1982 alipangiwa kituo cha kwanza cha kazi wilayani Mbozi, na mwaka 1989 alihamia Dar es Salaam kumfuata mumewe, akafundisha shule ya msingi huko Temeke kwa miaka sita na baadaye hapa Kiwalani, karibu muda wote darasa la kwanza, hadi alipostaafu kwa hiari Juni 2016. Vijana wengi wa mtaa huu ambao leo wana ndevu na bodaboda zao walishikwa mkono na yeye kuandika herufi a, na hata juzi juzi akiwakuta kijiweni aliwauliza kwa nini mashati yako nje, nao wakachomekea.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa takatifu na marehemu Wilbert Kasyupa, karani wa ghala, wakajaliwa watoto wawili, Daniel aliyezaliwa mwaka 1986 na Vaileth aliyezaliwa mwaka 1991, na hadi anaitwa alikuwa na wajukuu wanne. Mwaka 1998 walihamia kwenye nyumba yao hii tuliyokaa leo, waliyoijenga kwa kuinua msingi juu na kuweka ngazi tatu mlangoni, kwa kuwa mnalijua eneo letu, mvua ikinyesha maji hayabishi hodi, na choo wakakiweka uani kama watu wote wa wakati ule. Shemeji Wilbert alifariki tarehe 17 Septemba 2009.

Mwaka 2011 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, akaishi nacho vizuri kwa miaka saba, mpaka Februari 2018 alipopata kidonda kwenye kisigino ambacho hakikupona, na tarehe 3 Mei mwaka huo madaktari waliukata mguu wake wa kulia juu ya goti ili kuokoa maisha yake. Tarehe 29 Mei aliruhusiwa kurudi nyumbani, taasisi moja ikampa kiti mwendo na kumpiga nacho picha, naye akafika hapa akakuta kwamba nyumba aliyoijenga mwenyewe haimtaki, kwani ngazi tatu zilimzuia mbele, mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba kuliko kiti, na choo cha kuchuchumaa kilikuwa na mlango wa inchi ishirini na nne, ambao hata mtu mzima mwenye miguu yote aliingia ubavu ubavu.

Ikawa Daniel ndiye anayembeba mama yake kwenda chooni. Nalisema wazi kwa sababu marehemu alilisema wazi, mama mzazi kubebwa mgongoni na mwanawe wa kiume mwenye miaka thelathini na miwili, kushikiliwa pale ndani asianguke, kisha kurudishwa, asubuhi kabla Daniel hajaenda kazini na jioni akirudi, na katikati ya hapo kungoja. Dada yangu akaanza kupunguza maji ya kunywa ili asihitaji kwenda, na daktari alipoona vipimo akamgombeza, akamwambia mama unaziua figo zako, naye akajibu kwamba figo zinaweza kusubiri, Daniel hawezi.

Alitafuta msaada wa kurekebisha nyumba, si wa chakula wala wa dawa. Ofisi moja ilimpokea vizuri ikamweleza kwamba mkopo upo, ila ni wa vikundi vyenye biashara, na choo chake hakikuwa na biashara yoyote, ofisi nyingine ikamwambia kwamba vifaa wanatoa lakini nyumba ni mali ya mtu binafsi. Ndipo siku ya ibada ya jumuiya, Septemba 2018, aliomba nafasi ya matangazo, akasema mficha uchi hazai, mimi nabebwa chooni na mwanangu, mmechanga harusi za watoto wenu na mimi nimechanga zote, sasa nawaomba mnichangie mlango. Kina mama walilia, kisha wakachagua kamati, na mwenyekiti nikawa mimi.

Sasa ndugu zangu tumefika pale pa mwaka 2018 nilipoambiwa nisiruke.

Mimi nimekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi kumi na moja, kazi hiyo naijua, nikafungua kundi la wasapu, nikachapisha kadi za mchango zenye maua pembeni, nikafuatilia ahadi mpaka watu wakawa wanazima simu, na fedha zikapatikana nyingi kuliko tulivyotegemea. Kosa langu lilianzia hapo, kwa sababu mwenyekiti wa harusi hufikiria wageni, nikafikiria wageni. Nikaamua tuanze na mbele ya nyumba, barabarani, ambako wachangiaji wangeona fedha yao imefanya kazi, tukavunja ngazi na kujenga mteremko mfupi wenye kupendeza, tukaweka geti jipya, na choo nikakiita awamu ya pili.

Fundi wetu alikuwa Sebastian, mnamfahamu, anaishi mtaa wa pili. Sebastian alikuwa ametaka mteremko mrefu wa saruji, uliokwaruzwa kwa ufagio usiteleze, mimi nikamwambia haupendezi kwenye picha, weka marumaru. Akanijibu kwa heshima, mzee, marumaru ikilowa ni sabuni, nami nikamwambia anayelipwa hapangi, weka marumaru nyeupe zile zinazong'aa, akaweka. Jumamosi ya tarehe 10 Novemba 2018 tukafanya sherehe ya makabidhiano, tukaweka maturubai, pilau na mshereheshaji, na nikate hapo niseme kwamba pilau, turubai na mshereheshaji vilikula fedha ambayo ingejenga ukuta wa choo. Dada alinishukuru mbele ya watu, hakunidhalilisha, lakini kesho yake baada ya ibada aliniita akaniambia, Stanley, umenijengea njia ya kwenda kusalimia watu, ila mimi sikubanwa na salamu.

Jumanne ya tarehe 20 Novemba ilinyesha mvua ya vuli asubuhi, akajaribu kuteremka mwenyewe, kiti kikaserereka kwenye marumaru mpaka getini, akavunjika mkono wa kushoto sehemu mbili, akafungwa hogo la plasta, na sasa hata kujisogeza kitandani hakuweza, Daniel akaendelea kumbeba miezi mingine saba. Kwenye kundi la kamati watu waliuliza imekuwaje, mimi nikaandika kwamba fundi kateremsha vibaya, katuharibia kazi, na kwamba tutatafuta fundi mwingine mwenye akili. Neno hilo lilitoka kwenye kundi likaenda mtaani, Sebastian akanyang'anywa kazi mbili alizokwisha kupewa, na mwaka ule mwanawe Eufrazia akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Hilo ndilo lililotokea mwaka 2018, na kwa miaka sita kila anayeniuliza nimemwambia ni fundi au ni mvua.

Dada aliujua ukweli, kwa kuwa siku tunabishana kuhusu marumaru dirisha lake lilikuwa wazi. Februari 2019 hogo lilipotolewa, alimwita Sebastian na si mtu mwingine, akakaa kwenye kiti chake na futi kamba mkononi, akapima nyumba yote akiwa amekaa, mkono wake unafika wapi, magoti yanagusa nini, kiti kinageukia wapi. Wakakubaliana choo kiingie ndani, kwenye kona ya chumba chake, choo cha kukaa, mabomba ya kushikia pande mbili na mlango wa inchi thelathini na sita unaofungukia nje. Marumaru ziking'olewa, mteremko mpya wa saruji wa mbele ulihitaji futi moja ya urefu kwa kila inchi ya kimo, ukatoka futi kumi na nane, na sisi kiwanja kilikuwa na futi kumi na nne tu, hapo ndipo jirani yetu Bi Rukaiya, ambaye mpaka leo anagombana na watu kwa kumwaga maji kwenye ukuta wake, alipovunja uzio mwenyewe akatoa futi nne za uwanja wake bila karatasi, na anayeijua Kiwalani anajua kwamba hapa mtu anaweza kukupa figo kabla hajakupa futi nne. Mzee Muhsin alitoa mabomba, saruji na sinki kutoka dukani kwake kwa bei aliyonunulia, na kama alipata faida basi ataijua Mwenyezi Mungu.

Jumamosi ya tarehe 15 Juni 2019, saa nne asubuhi, Mwalimu Bupe aliingia chooni peke yake akafunga kitasa kwa ndani. Daniel alisimama nje ya mlango kwa mazoea, akasikia mama yake anamwambia, wewe nenda zako, nikikuhitaji nitakuita, naye Daniel akatoka akakaa pale kwenye mteremko akalia kama mtoto mdogo.

Baada ya hapo marehemu alianzisha hapa usharikani Mfuko wa Mlango, unaochangiwa kila mwezi na Wakristo na Waislamu wa mtaa huu, kwa masharti yake ambayo alituimbisha kama darasa la kwanza, kwamba choo kwanza, sherehe hakuna, na mwenye ulemavu ndiye anayepima. Tulimwambia Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, akasema uji msiulize, mlango ulizeni. Hadi anafariki nyumba kumi na tisa zilikuwa zimerekebishwa, nyingi hapa, mbili Kawe, na moja Mbweni ya mstaafu mwenye ghorofa zuri ambaye alikuwa anaishi kwenye gereji yake kwa sababu hawezi kupanda, huyo alipewa ushauri tu, fedha alikuwa nazo. Nyumba zote kumi na tisa zilifanywa na fundi Sebastian, marehemu hakukubali mwingine, na kwenye kila kikao aliniangalia mimi, akangoja, halafu akaendelea na ajenda.

Mwezi Oktoba 2024 figo zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akienda na kurudi kwa kiti chake, na Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, Vaileth akiwa amemshika mkono. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu 2011, hasa yule aliyemgombeza kuhusu maji, inamshukuru Bi Rukaiya, Mzee Muhsin na majirani wote, inawashukuru walimu wenzake na wanafunzi wake, mchungaji na jumuiya. Kwa agizo lake hakuna fulana za picha wala keki, na rambirambi itakayobaki itajenga choo cha nyumba ya ishirini, ambayo alikwisha kuipima.

Na mimi binafsi, si familia, namwomba fundi Sebastian aliyekaa turubai la pili asimame, ili watu wote walionisikia nikimchafua wanisikie sasa. Fundi, marumaru niliagiza mimi, ulinikataza nikakukemea, kisha nikakusingizia, wewe na nyumba yako mkalala njaa kwa ajili ya jina langu, nisamehe ukiweza, na kama huwezi leo nitakuja kwako kesho na keshokutwa.

Dada Bupe, ulinipa miaka sita na vikao vyote vile niliseme hili ukiwa unasikia, nami nimelisema leo. Pumzika kwa amani.