Alikwenda Shule kwa Hasira, Akabaki kwa Utamu

Ndugu zetu, majirani, mliofanya kazi na mama na mliosoma naye, kaka yangu mkubwa ndiye aliyepaswa kusimama hapa, lakini amesema sauti yake haitafika hata mstari wa pili, kwa hiyo familia imenituma mimi, mtoto wa kati, niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Koleo, alilopewa na wafuaji wenzake kwa kuwa akikamata jambo halimponyoki.

Mama alizaliwa tarehe 3 Septemba 1959, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa baba seremala na mama mkulima wa mboga, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa na viti vingi kuliko mahali pa kuviweka, kwa sababu babu alikuwa hawezi kuuza kiti chenye kasoro, wala hawezi kukitupa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1967, akapenda kusoma kuliko kula, na mwalimu wake wa darasa la nne akamkabidhi ufunguo wa kabati la shule lililokuwa na vitabu kumi na tisa, vyote akavisoma, kikiwemo kimoja kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, ambacho alikirudia mara nne na kila mara akajitungia mwisho wake. Machi 1971, mama akiwa darasa la tano, bibi yetu alijifungua mapacha, akaugua muda mrefu, na mama akatolewa shule ili alee. Mapacha hao ni wajomba zetu, wako hapa leo na mvi zao, na watakuwa mashahidi kwamba hakuwahi kuwalaumu, isipokuwa walipomkera, hapo ndipo aliposema, "Nyinyi wawili mnyamaze, darasa la sita langu mlilinywa kwenye chupa ya maziwa."

Tarehe 1 Juni 1981 aliajiriwa katika dobi ya hospitali, chumba kile cha nyuma cha kufulia chenye mashine tatu, ambazo mojawapo ilikuwa mbovu wakati wote ingawa haikuwa moja ileile, na matangi ya saruji, na meza ndefu ya kupigia pasi, na humo alifanya kazi miaka thelathini na minane bila kupewa onyo, mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2019. Humo ndimo alimokutana na baba yetu, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kazi yake haikuwa kubeba mashuka, lakini alianza kuyaleta yeye mwenyewe kutoka wodini, na yalipokwisha machafu akawa analeta yaliyo safi, hadi msimamizi akamwambia ama aoe au aje afue. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Aprili 1985, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu ambaye ni fundi umeme, aliyezaliwa 1987, mimi niliyezaliwa 1991, na mdogo wetu anayeuza katika duka la dawa, aliyezaliwa 1995. Baba alifariki kwa kiharusi tarehe 6 Juni 2008, na mama akabaki akitulea kwa mshahara wake na kwa mdomo wake, ambao nao haukuwa mdogo.

Sasa nafika mahali ambapo shangazi alinishauri niparuke, lakini nikiparuka historia hii itakuwa si ya mama.

Mwaka 2013 nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na mama alikuwa amewatangazia wafuaji wote kwamba siku moja mashuka ya wodini yatakuwa yanatandikwa na mwanawe. Tarehe 12 Januari, siku ya Jumamosi, nilirudi nyumbani na sanduku langu, nikamwambia nimeacha chuo, damu naiogopa, na nimepata mahali pa kujifunza ususi. Alikuwa ameshika pasi, akaiweka pembeni taratibu, akasema, "Mikono yangu imechubuka kwa sabuni miaka yote hii, ili wewe ukachezee nywele za watu?" Nami, kwa kiburi cha miaka ishirini na moja, nikamjibu, "Kama kusoma ni kutamu hivyo, nenda kasome wewe!" Kisha nikalibeba sanduku langu tena, nikatoka, na sikurudi katika nyumba ile kwa miaka minne, ingawa nilihamia vituo sita tu vya basi kutoka pale.

Nilichokuwa sijui, kwa sababu niliwakataza ndugu zangu wasinitajie habari zake, ni kwamba Jumatatu ya tarehe 4 Februari 2013, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mama alitoka kazini saa tisa alasiri, akavua aproni, akaenda kujiandikisha darasa la watu wazima. Alimaliza masomo ya msingi kwa miaka miwili, akaanza sekondari 2015, kila siku kuanzia saa kumi alasiri, na baadaye mwenyewe aliniambia, "Nilikwenda kwa hasira, nikabaki kwa utamu."

Mwalimu wake wa fasihi, ambaye yuko pale mstari wa pili, alikuwa binti mdogo kuliko kaka yangu, akaanza kwa kumwita mama, naye akamkatalia papo hapo, "Hapa niite mwanafunzi, mama nimemwacha nyumbani." Kila alichofundishwa alikibeba mpaka dobi, na ndiyo maana nyinyi mliofanya kazi naye mlijikuta mnagombana kwa maneno ya darasani, msimamizi akaitwa mhusika bapa kwa kuwa kila ukimfungua ni yuleyule, mashine mbovu ikaitwa taharuki kwa kuwa hakuna aliyejua itazima lini, na aliyesema anakuja sasa hivi akaambiwa aache kutumia chuku. Alisoma wakati wa chakula, kitabu juu ya meza ya pasi, na ukurasa wake mmoja ulioungua pembeni bado upo, tumeuhifadhi.

Desemba 2016 mwalimu aliwapa kazi ya likizo, wasome hadithi moja, kisha waandike inahusiana vipi na likizo yao na maisha yao ya kila siku. Daftari hilo ninalo mkononi, na nitawasomea kipande, maana kuandika alijua kuliko mimi.

"Likizo kwa mfuaji ni neno la kitabuni, kwa sababu wagonjwa hawafungi shule. Hadithi niliyosoma ni ya mwashi aliyegombana na mwanawe, akawa kila siku anaongeza safu moja ya matofali kwenye ukuta wa uani, ili asimwone akipita barabarani. Wenzangu darasani wamesema mwashi ni mtu mbaya. Mimi nasema hakuwa mbaya, alikuwa na matofali mengi na mdomo mzito. Ninaye binti ambaye likizo nne hajaja. Kila likizo nafua mashuka ya kitanda chake, ambayo hayajalaliwa na mtu, nayaanika, nayapiga pasi, nayatandika tena. Wanaopita wanasifu usafi. Lakini kama ningekuwa na akili kama ya msomaji wa kitabu, anayeuona ukuta kabla mwashi hajauona, ningepanda basi nikamwambie mtoto kwamba kitanda kiko tayari. Mwisho wa hadithi, mwashi"

Hapo aliishia, bila nukta. Mwalimu alimpa alama kumi na saba kati ya ishirini, akaandika chini kwa wino mwekundu, "Nimeisoma kama mwalimu, lakini uliyemwandikia si mimi. Mpelekee mwenyewe."

Mama alikaa na daftari hilo wiki tano. Jumatano, tarehe 15 Februari 2017, saa nne asubuhi, nikiwa saluni nasuka, niliinua macho nikamwona amekaa kwenye benchi la wateja, nyuma ya wanawake wawili, mkoba umekaa magotini. Hakunisalimu, nami sikumsalimu, nikamsuka yule wa kwanza, nikakosea njia ya pili ya nywele, nikafumua, nikasuka tena, akaja wa pili, na kwa saa mbili na nusu mama alingoja zamu yake kama mtu asiyenijua. Ilipofika akakaa kwenye kiti, akafungua kilemba, nikaona kichwa chote kimekuwa cheupe.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

"Unataka nikufanyie nini?"

"Nioshe. Halafu usome daftari hili."

Nilimwosha, nikamweka chini ya draya, nikasoma nimesimama, nikasoma tena nimekaa sakafuni, na wateja waliokuja nyuma yake wakaondoka mmoja mmoja bila kuambiwa. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikauliza swali la kijinga.

"Hizi alama tatu ulikosea wapi?"

"Herufi kubwa. Na sikumalizia."

"Kwa nini hukumalizia?"

"Nilikuwa sijui unarudi lini."

Jumapili iliyofuata nilirudi, nikalala kwenye yale mashuka, na yalikuwa yamepigwa pasi hadi yana kona. Alinisamehe bila kunifanya niombe mara mbili, nami nikamsamehe, ingawa lake lilikuwa dogo. Tangu hapo tulipata likizo saba za mwisho wa mwaka pamoja, sisi watatu, wenza wetu na wajukuu wake wanne, na kila likizo alichagua kitabu, akagawa wahusika, tukasoma kwa sauti sebuleni, kaka akipewa daima nafasi ya mtu tajiri kwa sababu, alisema mama, walau hapo aonje.

Novemba 2018 alifanya mtihani wa mwisho wa sekondari, na siku ya kwanza msimamizi wa mtihani alimzuia mlangoni, akamwambia, "Mama, usafi ni baadaye, sasa watahiniwa wanaingia," naye akamjibu, "Basi nipishe niingie." Matokeo yalitoka tarehe 24 Januari 2019, akafaulu, fasihi akapata B, na B hiyo aliilalamikia mpaka mwezi uliopita.

Ugonjwa wa figo uligunduliwa Septemba 2022, na kuanzia tarehe 10 Oktoba mwaka huo alikuwa akisafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi. Ni shughuli ya saa nne kwenye kiti, na wagonjwa wengi hukaa wakitazama dari, lakini yeye alianza kuwasomea wenzake hadithi, na alipofika mahali pa moto alifunga kitabu kwa makusudi, akawaambia waje siku nyingine. Dereva mmoja wa lori, ambaye yuko nasi hapa na amenikubalia nimtaje, alimwambia siku moja, "Koleo, ukinikatia hapo mimi nitakufaje kabla ya Alhamisi?" Mama akamwambia hiyo ndiyo nia.

Machi mwaka huu, 2024, moyo wake ulianza kuchoka. Maumivu yalikuwa makali, sitayapamba, wiki tatu za mwisho alikuwa halali wala haamki, na kulikuwa na siku ambazo sisi watoto tulitoka nje ya wodi ili tusisikie. Daktari alitueleza ukweli, akampa dawa za kutuliza, na siku mbili za mwisho maumivu yakamwacha, uso ukarudi kuwa wake. Jumatano jioni alipapasa shuka la hospitali kwa vidole, akasema halikusuuzwa vizuri, akatuuliza kama tumekula. Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, katika wodi namba tano, alivuta pumzi akiwa usingizini, hakuvuta nyingine, na mkono wake mmoja ulikuwa mkononi mwangu, mwingine mwa mdogo wetu, kaka amemshika miguu. Wauguzi walidhani tutapiga kelele. Badala yake mdogo wetu akasema, "Amepumzika kweli," nasi sote tukavuta pumzi ambayo tulikuwa tumeizuia tangu Machi. Kama kuna anayeona vibaya watoto kusema wamepata nafuu mama yao alipokufa, atusamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano na wa kitengo cha kusafisha damu, hasa yule muuguzi mfupi aliyekuwa akimtafutia miwani kila ilipopotea, na mara zote ilikuwa kichwani. Ninawashukuru majirani mliokuja na maji, viti na mikono yenu kabla hatujawaita, wafuaji wa hospitali mliofua na kunyoosha kila kitambaa mnachokiona hapa leo na mkakataa kabisa kusaidiwa, wanafunzi wenzake mlioleta madawati ya shule ili watu wakae, na mwalimu wake, ambaye kwa sentensi mbili za wino mwekundu alinipa miaka saba ya mama yangu, na shukrani zangu kwako, mwalimu, sijui niziweke wapi. Wale ambao sikuwataja mjue ni karatasi iliyokwisha, si moyo.

Mama, nilikuogopa, nikakukimbia, ukanifuata, tukacheka pamoja sana, tukaambiana yote, na leo nimesimama mbele ya jeneza lako nikitafuta neno nililosahau kukuambia, sioni hata moja. Pumzika basi, mama, kwa amani hiyohiyo tunayobaki nayo sisi.