Nguzo za Mzee Ondiek

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma niwasimulie maisha ya Mzee Sydney Ondiek Oyugi, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Pap Onditi, akasoma shule ya msingi papa hapa hadi 1966, kisha tarehe 3 Aprili 1972 akaajiriwa Muhoroni kuendesha trekta la miwa, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2003. Tarehe 11 Desemba 1976 alimwoa Mama Rosa Akello, wakabarikiwa watoto watatu, Tom, Lorine na Valarie.

Alipostaafu alipanda mapasheni, na hapa hatutaficha kitu, maana mwenyewe alikuwa akijisema mbele za watu. Mei 2006, akiwa amechoshwa na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, ambao unga wao ulidondoka hadi kwenye sufuria ya ugali, alipulizia dawa nguzo za jiko, wakafa wote, akafurahi. Msimu ule maua yalichanua kila adhuhuri, yakaanguka bila tunda hata la kuonja. Bwana Wandera, afisa wa kilimo, alimweleza kwamba chavua ya pasheni ni nzito na inanata, upepo hauiwezi, nyuki mdogo hupita chini yake asiiguse, ila yule mweusi mwenye mgongo mpana ndiye huibeba ua hadi ua.

Majuto ni mjukuu. Misimu miwili Mama Rosa alizunguka kwenye jua la saa saba akipaka chavua kwa kidole, ua moja moja, bila kumlaumu mtu, naye mumewe akazunguka hadi Otonglo akiomba nguzo kuukuu zenye matundu na nyuki wake, watu wakimcheka. Alizisimamisha kati ya mipasheni, nyuki wakazaana, matunda yakajaa, hata Mama Rahab Waithera wa sokoni Kisumu hakununua tena kwa mwingine.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2023, akatutoka Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiacha usia mmoja tu, kwamba nguzo zake zisiguswe.

Jana mchana kuni za moto wa matanga ziliisha, na Tom, kwa uchungu wa kutaka baba yake awashiwe moto wa heshima, akaziendea nguzo hizo na shoka. Mama Rosa aliinuka akamshika mkono. "Tom, wacha. Hizo babako alitafuta juu ya hii kidole yangu." Tom aliweka shoka chini akalia, nasi tukalia naye.

Tunawashukuru kwa moyo wote madaktari na wauguzi wa Kisumu, wenzake wa matrekta waliofika kutoka Muhoroni, Bwana Wandera, na majirani mlioleta kuni jana kabla jua halijatua. Sasa inakaribia saa sita, maua yanafunguka, kwa hiyo tukielekea kaburini tupite upande wa lango, tuwaachie wenye kazi njia yao.

Mzee Ondiek, kidole cha Mama kilipumzika kwa sababu yako. Nawe pumzika kwa amani.