Mtungi wa Thaimu

Amani iwe kwenu nyote, wa msikitini na wa kanisani. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanaouguza wagonjwa ameniambia nisimame niongee, nami nimemwambia nimezoea kuongea na watu nikiwa nimeshika kisu. Mikono mitupu inanipa taabu kidogo, kwa hivyo mtanivumilia.

Wengi mnanijua. Nina bucha hapa mjini Embu na nyumba yangu iko mtaa wa Majimbo. Babangu aliuza nyama, na babake aliuza nyama. Kwetu sisi mboga zilikuwa kitu cha kula ukingojea nyama iive. Jikoni sikuwa na kazi. Nafika mlangoni, nakabidhi furushi, naenda kunawa. Ya mle ndani yalikuwa ya mke wangu.

Halafu mke wangu akapigwa na kiharusi. Alikuwa anaanika nguo asubuhi, nikasikia beseni limeanguka. Alipotoka hospitalini, upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamemwisha. Anasikia, anaelewa kila kitu, lakini akifungua kinywa inatoka sauti moja tu, "Ee, ee," na machozi nyuma yake. Daktari akatuambia mafuta yawe kidogo, chumvi kidogo sana, na nyama tuiache kwa sasa. Apikiwe maharagwe, mboga, vitu laini. Alipokuwa anasema hayo alikuwa ananiangalia mimi. Ndugu zangu, nawaambia, aliyekatazwa nyama ni mke wa mwenye bucha, na aliyetumwa kupika mboga ni mwenye bucha mwenyewe.

Nyumbani tuko wawili. Binti yetu ni mwalimu huko Maua. Alikaa nasi mpaka likizo ikaisha, akarudi kazini analia. Nikabaki na jiko.

Nikaanza na maharagwe na waru, yaani viazi. Nikachemsha, nikaponda, nikamletea. Alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani. Kesho yake nikapika sukuma wiki, akasukuma. Nikapika ndengu, akasukuma. Nikapiga simu Maua. Binti akanieleza vizuri, nikaange kitunguu kwanza kwa mafuta kidogo, nitie nyanya na karoti, niache kufunua sufuria kila saa kama mtu anayetafuta kitu. Nikamwuliza, na mamako alikuwa anatia nini kingine?

"Sijui, Baba," akasema. "Mama hakuwa anatuambia. Alikuwa anatufukuza jikoni."

Hilo liliniuma. Mtu anayejua alikuwa amekaa pale mbele yangu, na hakuweza kuniambia.

Wenzangu wa bucha nao, si mnajua desturi yetu, mgonjwa hupelekewa supu ya mifupa. Wakaja na thamosi zao, na mimi nasimama mlangoni nawakatalia, watu ambao mimi mwenyewe nimepelekea wake zao supu hiyo hiyo. Mmoja akaniuliza kama nataka mama watoto afe njaa. Hata mimi nilikuwa najiuliza. Mke wangu alikuwa amekonda mpaka pete inateleza kidoleni. Nikaivua nikaiweka kabatini isipotee. Nilipomaliza kuivua nikaenda msalani, nikafunga mlango, nikalia kama mtoto. Nikamwambia Mungu, mimi umenifundisha kuchinja na kukata, hili sijui, nisaidie. Nikangoja. Sitawadanganya kwamba nilisikia kitu. Nilitoka nikaenda kuosha sahani, nikamwaga chakula ambacho hakikuguswa.

Sasa nisikilizeni. Nyuma ya nyumba, kando ya mlango wa jikoni, kuna mtungi wa plastiki uliokatwa katikati na kujazwa udongo. Ndani yake mna mmea mdogo unatambaa tambaa, majani yake madogo hayafiki punje ya mchele. Mke wangu alipewa kijiti chake na mama mmoja mkulima wa upande wa Meru, mteja wetu wa matumbo, akakipanda. Mimi nilidhani ni maua tu ya kupamba. Kila siku kabla ya kwenda bucha nilikuwa namtoa kwa kiti chake cha magurudumu aote jua pale, na mchana narudi kumlisha. Na kila nikimweka pale, mkono wake wa kushoto ulikuwa unanyooka mpaka kwenye mtungi, unaanza kunyofoa nyofoa. Nikasema basi, ugonjwa umeingia mkononi, hautulii. Nikawa nasogeza kiti mbali. Yeye, "Ee, ee." Mimi namwambia atulie. Ananyoosha tena, nasogeza tena.

Hivyo tukaendelea, yeye anachuma na mimi namwondoa.

Siku moja nikiwa nimerudi mchana, mteja akanipigia simu juu ya mbuzi wa harusi, tukabishana kirefu. Nilipomaliza, nilikuwa nimesahau kusogeza kiti, na mke wangu alikuwa amechuma alivyotaka. Nikamwingiza ndani tule. Nyumbani kwetu huwezi kula bila kunawishwa, awe mgonjwa, awe mzima. Nikaleta jagi na beseni, nikaushika ule mkono wa kushoto, nikaumwagia maji ya uvuguvugu.

Harufu ikapanda. Nikasimama na jagi, maji yanamwagika sakafuni na mimi sioni. Ilikuwa harufu ya nyumba yangu. Ndiyo niliyokuwa naikuta mlangoni kila nikitoka bucha, miaka yote, na miaka yote nilidhani ni nyama yangu inanukia vile.

"Ni hii?" nikamwuliza. "Ndiyo ulikuwa unataka nitie?"

Akafumba macho. Akasema, "Ee."

Ilikuwa sauti ile ile ya siku zote, lakini mara hii niliielewa. Nilipiga magoti pale kwenye maji nikamwomba msamaha, na yeye akanipiga kofi dogo la shavu kwa mkono uliolowa, yaani niinuke, njaa inauma.

Nikachuma fungu zima, nikalitupa kwenye maharagwe pamoja na vijiti vyake. Msicheke, kwani ningejuaje? Alipoonja hakusukuma sahani. Alitoa kijiti mdomoni akanionyesha, uso umekunjamana vile vile kama zamani nikimletea mfupa mtupu. Akaashiria nilete kingine. Nikaleta. Akanifanya nishike ncha, na yeye akapitisha vidole kutoka juu kwenda chini, majani yakadondoka sahanini, kijiti kikabaki uchi, akakitupa. Tukafanya kingine, na kingine. Mkono mmoja wake, mmoja wangu. Siku hiyo alikula nusu sahani, na mimi nikamalizia ile nusu nyingine.

Jioni nikampigia binti, nikamweleza ule mmea. Akasema unaitwa thaimu, hata wao huko Maua huupata sokoni. Basi tangu hapo napika. Kitunguu, karoti, waru, maharagwe au minji, zile njegere, majani ya thaimu, nafunika, naacha moto mdogo. Mwisho nakamua ndimu, na ulimi hausumbuki sana kudai chumvi. Ni chakula cha kawaida kabisa. Mtu yeyote hapa anaweza kukipika.

Sikuja kuwaambia amepona. Mguu bado haujaamka. Maneno hayajarudi, na sijui kama yatarudi. Kuna siku analia na sijui kwa nini, nakaa tu karibu naye, sina la kufanya. Lakini anakula. Pete bado iko kabatini. Nimemjaribisha juzi, haitelezi kama siku ile.

Namshukuru yule mama mkulima aliyetupa kijiti bila kujua anatupa nini. Namshukuru binti yetu kwa simu zake. Nawashukuru wenzangu wa bucha, ambao siku hizi wakija kumwona mgonjwa wanabeba karoti na minji, na wanazibeba chini ya koti kama wameiba. Na ninyi wa kikundi hiki, mlionifundisha kumkalisha na kumgeuza, Mungu awalipe. Ninyi mnaouguza watu wasioweza kusema, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujausogeza mkono wa mgonjwa wako, tazama kwanza unaenda wapi.

Namaliza na ya wiki iliyopita. Nilipika ndengu, nikamletea. Akaonja, akasukuma sahani. Nikasema, zile siku zimerudi. Nikakaa chini. Ndipo nikaona amenyoosha kidole, anaelekeza mlango wa jikoni, na amekunja uso kweli kweli. Nilikuwa nimesahau thaimu.

Katika ndoa yetu yote nimetumwa mara nyingi, na mara nyingi nimenung'unika. Siku hiyo nilikwenda mbio.