Boga la Kuponda

Kwenye basi, fundi cherehani mmoja, utepe wa kupimia ungali shingoni, alikuwa akimlisha mwanawe boga la kuponda. Mama mtu mzima aliyeketi kando yake, ambaye hakuulizwa, akaguna: "Mwanangu, mtoto wa miezi saba huyo! Mnunulie chakula cha kopo, kina vitamini zote."

"Shikamoo yangu umeipata, mama, lakini kijiko hiki sikupi. Kwa mtoto wangu wa kwanza nilisikiliza kila mtu, akakonda mpaka nikalia. Huyu namsikiliza mwenyewe."

"Na akipaliwa?"

"Nimelichemsha likalainika, nikaliponda, nikalionja. Cha kopo alikionja nani?"

Mtoto, ambaye kesi ilikuwa yake, alifungua mdomo tena. Basi likasimama. Mama yule alishuka, akaendelea kubishana naye kupitia dirishani, na fundi akachota kijiko kingine, akimtazama mtoto usoni.