Mashuka Yanayovuka Barabara

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mhandisi Mkuu wa Barabara za Jiji, Daktari Mfawidhi wa hospitali yetu, Matroni, na ninyi nyote mliofika salama, hasa mliofika kwa miguu:

MAKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa dobi tunakukaribisha, Mheshimiwa Mhandisi, kuzindua mashine yetu mpya ya kufulia. Ulipowasili, dereva wako alitupigia honi ndefu tukiwa tumejipanga kando ya barabara kukupokea. Tulijibu kwa vigelegele, maana kinamama wa mstari wa mbele waliichukulia kuwa salamu. Karibu sana.

HISTORIA

Dobi ilijengwa upande huu na wodi zikajengwa upande wa pili, enzi ambazo katikati palipita baiskeli tu. Baadaye njia ikapanuliwa, ikatiwa lami, magari yakajaa, nasi tukabaki na toroli letu lilelile. Shuka linatoka kwetu likiwa safi. Likifika ng'ambo limerushiwa tope, tunalirudisha kulifua upya. Wapo madereva ambao wakiona dimbwi na toroli la mashuka kwa pamoja, hukanyaga mafuta.

MAFANIKIO

Mwaka jana tuligundua kwamba dereva wa hapa, hata awe na haraka ya namna gani, akiona maiti husimama. Basi mwenzetu Mama Pasi, ambaye hakuna mkunjo wa nguo uliowahi kumshinda, alikubali kulala juu ya mashuka, tukamfunika gubigubi. Magari yalisimama pande zote mbili. Wengine walivua kofia. Matroni alituuliza, "Jamani, mbona wodini hajafariki mtu?" Tulipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Masika yote hatukurudisha shuka hata moja.

CHANGAMOTO

Siku moja, katikati ya barabara, foronya ilidondoka. Mmoja wetu akaropoka, "Foronya hiyo!" Mama Pasi akajifunua, akashuka, akaiokota, akaikung'uta, kisha akarudi kulala. Hatumlaumu, foronya yenyewe ilikuwa nyeupe. Ila madereva waliona, na habari ikafika hadi vituo vya teksi. Tangu hapo wanapita wakituuliza, "Leo kafa nani tena?"

Mwezi uliopita Mama Pasi aligongwa akivuka na taulo za chumba cha upasuaji. Aliyemgonga alikuwa na simu sikioni, na hakusimama. Tulimlaza kwenye toroli, mguu umevunjika, tukaanza kumvusha kumpeleka kwa daktari. Tulipiga kelele kwamba safari hii ni kweli. Wakatupigia honi. Dereva mmoja alishusha kioo akasema, "Amka mama, foronya imeanguka!" na abiria wake wakacheka. Tulikaa pale muda mrefu. Mama Pasi alikuwa amemshika mkono mwenzetu, akisema, "Msilie, mtawapa raha." Mheshimiwa, ilituuma, na bado inatuuma. Mguu umeokolewa, lakini daktari anasema goti halitakunjika tena.

MAOMBI

Tunaomba matuta, mistari myeupe ya kuvukia na kibao. Tuliwahi kuomba kwa waliokutangulia, tukajibiwa kwamba barabara ni nyembamba mno kuwekewa matuta. Tulipoomba tena tukaambiwa ni pana mno. Hatubishani na wataalamu.

Tunaomba pia mashine hii iletewe fundi wake mapema, kabla haijazoea kuharibika.

Ombi la mwisho ni dogo. Chai yako imeandaliwa ng'ambo, kwenye ukumbi ulio chini ya wodi aliyolazwa Mama Pasi. Gari lako linaweza kuzunguka. Wewe tunaomba uvuke nasi kwa miguu, katikati yetu, bila askari wa kusimamisha magari. Mama Pasi ameomba kitanda chake kisogezwe dirishani. Anasema anataka aone kama kuna atakayesimama.

Mungu akuzidishie afya, aibariki kazi ya mikono yako, na atufikishe sote ng'ambo tukiwa wazima.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Dobi ya Hospitali