Kuku wa Bi Dobi Hawakufa kwa Kideri

Risala ya Kikundi cha Wafuga Kuku wa Uani kwa Mkurugenzi wa Mifugo, siku ya kuzindua kampeni ya chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku. Imesomwa na katibu wa kikundi.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mifugo. Afisa mifugo wetu. Majirani, na watoto mliokaa chini kwa kukosa viti:

KARIBU

Karibu mtaani kwetu. Viti tumeviazima, turubai pia, na maua hayo ya mezani yameletwa na ofisi yako asubuhi. Ofisi ilituletea na risala. Imechapwa vizuri, ni ya ukurasa mmoja, na inakushukuru mara sita. Tuliisoma tukiwa tumekaa wote, tukairudisha kwenye bahasha yake. Hii unayosomewa tumeiandika wenyewe, kwa hiyo makosa ya herufi utuvumilie. Makosa mengine yaliyomo humu si ya herufi, na mengi si yetu.

SISI NI NANI

Tuko kaya thelathini na moja. Hakuna mfugaji mkubwa kati yetu. Kila mmoja ana kuku wake wachache nyuma ya nyumba, wanaochakura kati ya pipa la maji na kamba za nguo. Ni mayai ya watoto hayo, na kitoweo mgeni akibisha hodi bila taarifa. Nyumba za upande mmoja wa mtaa zimepakana na barabara. Za upande wa pili zimepakana na uzio wa mabati, na nyuma ya uzio kuna karakana inayovunja betri kuukuu za magari na kuziyeyusha.

Tunataka kukueleza habari za mwenzetu mmoja, kwa sababu yaliyotupata sisi yalianzia kwake. Tunamwita Bi Dobi. Anafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, na nyumba yake imegusana na ule uzio. Anaishi na mjukuu wake wa kike wa miaka mitatu. Alikuwa na kuku kumi na wanne. Tulimwomba asome risala hii yeye mwenyewe, akatujibu, "Nisome mimi? Nitamtukana mgeni wa watu." Yuko pale, mstari wa pili, mwenye mtandio wa buluu.

YALIYOMPATA

Mwaka jana, mvua zilipokatika, mtetea wake mmoja aligoma kula. Alishusha mabawa kama mtu aliyebeba ndoo mbili, akaanza kutembea kwa magoti, kinyesi kikawa cha kijani. Bi Dobi alimlisha uji kwa kijiko siku tisa. Kila akimwinua alimwona mwepesi kuliko jana, mpaka siku ya tisa akainua manyoya matupu. Wiki hiyohiyo wakaanguka wengine wawili.

Alimwita afisa mifugo. Afisa alifika, Mheshimiwa, hilo tunamshukuru. Lakini hakuvuka lango. Alisimama nje, leso puani, akaandika kwenye karatasi aliyoiegemeza kwenye pikipiki yake: kideri, kutokana na uchafu wa banda. Akaagiza kuku wote waliobaki wachinjwe na kufukiwa siku hiyohiyo ili wasiambukize mtaa.

"Kideri?" Bi Dobi akamwuliza. "Hawa wamechanjwa matone ya jicho juzijuzi, na kadi ninayo. Ingia basi umshike hata mmoja."

"Mama, usinifundishe kazi," afisa akasema, akawasha pikipiki.

Hapa ndipo sisi tunapoingia, na hatujifichi. Tulikwenda uani kwake watu wanane kuisaidia serikali. Tulichinja kuku kumi na mmoja, na wanane kati yao walikuwa wazima kabisa, wanatukimbia huku wakipiga kelele. Mwenyekiti wetu, aliyekaa kulia kwako, ndiye aliyeshika kisu. Ameagiza tuandike hivyo. Bi Dobi alisimama mlangoni amembeba mjukuu wake, hakulia wala hakutuzuia. Alisema tu, "Mnachinja ambacho hamkijui."

Baada ya hapo tulimtenga. Watoto wetu tuliwaambia wasiende kwake. Nyumba moja ya wageni ilihamisha mashuka yake baada ya kusikia kwamba ana ugonjwa uani, na waliosikia walisikia kwetu.

JINSI UKWELI ULIVYOPATIKANA

Hazikupita wiki nne, kuku wa jirani yake wa kushoto wakashusha mabawa. Kisha wa kulia. Kisha wa katibu anayesoma sasa hivi. Afisa alikuja, akasimama palepale nje, akaandika yaleyale.

Bi Dobi aliposikia, alipita mtaani tulikomfungia, akaingia kwa katibu bila hodi. "Weka kisu chini," akasema. "Kwanza niambie kuku wako wanachakura wapi."

Alimtembeza nyumba kwa nyumba. Wagonjwa wote walikuwa wa upande wa uzio. Upande wa barabara hakuna hata kuku mmoja aliyepiga chafya, na kuku wa pande zote mbili hunywa maji ya bomba moja na huingiliana mabandani mchana kutwa. "Kideri gani hiki kinachochagua nyumba?" akauliza. Kisha akatoa shuka jeupe kwenye beseni lake, akalitandaza juu ya meza. Lilikuwa na vumbi la kijivu, laini, ambalo ukilifuta linazidi kuenea. Siku ambazo karakana inawasha tanuru, mashuka aliyoanika karibu na uzio hulazimika kufuliwa mara mbili. Kuku wake walikuwa wakichakura chini ya kamba hizohizo.

Kuku wa katibu alipokufa, Bi Dobi alimweka kwenye ndoo yenye barafu, akampeleka maabara ya mifugo. Dirishani akaambiwa alete barua ya afisa. Afisa akasema hatoi barua ya kuku ambaye ugonjwa wake umeshajulikana. Akarudi na ndoo yake. Safari ya pili alibeba kuku mwingine wa katibu, akakaa kwenye benchi la maabara kuanzia wanafungua, maji ya barafu yakichuruzika sakafuni. Walipomwambia atoke, akasema, "Nitatoka. Kuku namwacha."

Mtaalamu mmoja alimwonea huruma, akampasua yule kuku mbele yake. Hatutamtaja, wala hatutasema kama ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu tunajua atatafutwa. Ndani ya firigisi, katikati ya changarawe, kulikuwa na vipande vya kijivu, vidogo kama punje za mchele, laini hata ukucha unaacha alama.

"Mama, hii ni risasi."

"Nani ampige kuku risasi?"

"Hakupigwa. Ameila. Ni madini yanayotoka kwenye betri. Yamo kwenye udongo wenu." Halafu yule mtaalamu akanawa mikono, akauliza taratibu, "Una watoto wadogo nyumbani?"

Mheshimiwa, yule mjukuu hucheza chini ya kamba za nguo bibi yake akianika. Hukaa kwenye udongo ule, hupika vyakula vya kitoto kwa udongo ule, na alikula mayai ya kuku wale. Bi Dobi alitoka maabara akikimbia, ndoo akaisahau. Hospitali walimpima mtoto damu, na daktari alipotazama majibu alifunga mlango kwanza ndipo akaanza kuzungumza.

Mtoto sasa anaishi kwa shangazi yake, mbali na hapa, kwa amri ya daktari. Bibi yake humwona Jumapili. Mwaka jana mtoto huyu alikuwa anaita "bibi" kutwa mpaka anakera. Sasa haiti. Ananyoosha mkono tu.

MAFANIKIO

Mwongozo wa ofisi yako unataka tutaje mafanikio. Tunalo moja: tunajua.

CHANGAMOTO

Majibu ya maabara yaliandikwa wiki ileile, yakapelekwa makao makuu. Tumeyafuatilia miezi saba. Kila tukifika tunaambiwa yanasubiri sahihi. Safari ya mwisho tulimbana karani: sahihi ya nani? Alituonyesha kwa kidole mlango uliofungwa, wenye cheo chako, Mheshimiwa.

Miezi hiyo saba tanuru limewaka kila wiki. Watoto tisa wa upande wa uzio wamekwishaanza kulalamikia maumivu ya tumbo. Na leo umetuletea chanjo ya kideri. Hatuikatai, kideri kipo duniani. Lakini usitupake mafuta mgongoni wakati tunaumwa tumbo.

MAOMBI

Tuliambiwa maombi yasizidi matatu.

Weka sahihi. Kalamu ipo hapa mezani, na nakala ya majibu tunayo, usituulize ilitoka kwa nani.

Pili, karakana isimame kuanzia leo mpaka udongo upimwe, na watoto wote wa mtaa huu wapimwe damu. Usituambie hilo ni la wizara nyingine. Wewe una simu, sisi tuna ndoo.

La tatu ni la afisa mifugo. Asimame mbele ya Bi Dobi amwambie alikosea. Sisi tulishakwenda. Alituacha tumesimama uani kama wezi waliokamatwa, akamalizia kuanika mashuka yake, kisha akasema, "Kaeni basi, mnanizibia jua." Hajasema ametusamehe, na hatujamwuliza.

Mheshimiwa, tunakuombea safari njema ya kurudi na afya ya mwili. Mungu akujalie watoto na wajukuu wanaocheza kwenye udongo usiowadhuru, na wanaokuita kwa jina mpaka wakukere.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafuga Kuku wa Uani,
nyumba za upande wa uzio, pamoja na za upande wa barabara